Ujuzi wa Kabureta Usiachwe Upotee

Katika mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, ipo kampuni iitwayo Burlen ambayo hadi leo hutengeneza kabureta za magari yaliyokoma kuundwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Mnamo 1996 kampuni hiyo ilichukua haki za SU, kabureta iliyofungwa katika magari mengi ya spoti yaliyowapa Waingereza sifa: MGB, Triumph Spitfire, Austin-Healey 3000 na Jaguar E-Type. Kiwanda cha MG mjini Abingdon kilifungwa mwaka 1980, lakini mwenye MGB aliye na kabureta iliyochakaa angali anaweza kununua sindano, boya, gaski na hata kabureta nzima mpya.

Huenda mwalimu akauliza jambo hili latuhusu nini. Latuhusu sana, maana kilichohifadhiwa pale si vyuma tu, bali ujuzi. Na ujuzi kama huo sisi tunao, ila tunauacha ufe pamoja na wenye nao.

Herufi SU zatokana na jina la Skinner, ndugu waliounda kampuni hiyo mwaka 1910. Ukoo wao ulikuwa wa wauza viatu, na labda ndiyo sababu kabureta zao za awali zilikuwa na viriba vya ngozi. Baadaye ngozi iliondolewa ikawekwa pistoni ya chuma inayopanda na kushuka ndani ya kuba lake. Dereva akikanyaga mafuta, valvu ya kipepeo hufunguka, injini huvuta hewa, ombwe hutokea juu ya pistoni, nayo hupaa. Chini ya pistoni hushikizwa sindano iliyochongoka ambayo ncha yake imo ndani ya tundu litoalo petroli. Kadiri pistoni inavyopanda ndivyo sehemu nyembamba ya sindano inavyofika tunduni, na petroli nyingi zaidi ikapita. Injini hujipimia chakula chake yenyewe.

Kuifufua kabureta hiyo kwataka subira kuliko nguvu. Fundi huanza kwa kutia alama, kwani kila pistoni imechongwa ilingane na kuba lake, na ole wake atakayezibadilisha katika gari lenye kabureta mbili. Kisha huziba matundu ya pistoni, akaipindua pamoja na kuba lake na kuhesabu muda wa kuachana. Katika kabureta za MGB yapasa iwe kati ya sekunde 5 na 7. Ikiachana upesi mno, hewa yavuja. Halafu hutazama mhimili wa valvu ya kipepeo. Hapo ndipo penye ugonjwa wa siri, kwa sababu mhimili ukilegea hewa hupenya pasipotakiwa na mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha. Wengi hubadilisha sindano mara tatu, wakaitukana kabureta, na kumbe tatizo ni bushi.

Jaribio la mwisho ndilo linalonipendeza zaidi. Injini ikinguruma polepole, fundi huinua pistoni kidogo sana, pasipo kufika milimita moja, kisha husikiliza. Mwendo ukiongezeka na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikidhoofika papo hapo, petroli imepungua. Ikiongeza mwendo kidogo kisha ikarudi ilipokuwa, kazi ni njema. Hakuna kompyuta hapo. Pana sikio, na akili inayojua kwa nini sikio limesikia hivyo.

Hata hivyo mafundi hao hawajasimama mahali pamoja. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida nchini Uingereza yaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huharibu mipira na vizibo vya kale. Imewabidi watafute mali ghafi zinazostahimili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri wenye kuyaonea shauku magari ya enzi za ukoloni, na kwamba kabureta huchafua hewa kuliko mitambo ya kisasa ya kupulizia petroli. La pili ni kweli, wala simtaki mhandisi yeyote airudishe kabureta katika magari mapya. La kwanza lina ukweli nusu. Waliosoma fizikia chini ya mfumo wa 8-4-4 wanakumbuka kwamba kabureta ilitolewa kuwa mfano wa kanuni ya Bernoulli. Ni wangapi waliowahi kuishika mkononi? Wengi waliuchora mchoro, wakaukariri na kuupatia alama. Na wakati huo wote, nje ya lango la shule, palikuwa na bodaboda zenye kabureta, baadhi zikiwa na pistoni inayopandishwa na ombwe vilevile kama SU, na kijana aliyezifungua na kuzisafisha kila siku, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumwita darasani.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Mafundi wetu wa jua kali, hasa wazee waliohudumia magari ya Kiingereza yaliyojaa katika barabara zetu miaka ya 1950 na 1960, wana masikio kama yale niliyoyataja. Burlen iliweza kuirithi SU kwa kuwa palikuwapo vipimo na michoro ya kurithiwa. Fundi wa Gikomba akifa, huacha spana.

Gharama ya kulirekebisha hili si kubwa. Kabureta kuukuu ya pikipiki, bisibisi na sinia la kutilia vipande vinatosha kwa kipindi kimoja. Mwalimu wa fizikia na amwite fundi wa jirani, amlipe posho ya siku kama mgeni yeyote anayekuja kutoa mhadhara, na wanafunzi waifungue kabureta ile kisha waifunge tena hadi injini iwake. Mwalimu wa Kiswahili naye asikae kando: wanafunzi wake wamhoji fundi huyo, waandike kila jina analolitumia kwa kila kipande na kila dalili ya ugonjwa wa injini anayoijua, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule.