Gemu yangu ina skrini kumi, na nambari 2 haipo

Wasee, wacha nianze na swali. Leo umecheza gemu?

Utasema hapana, bando iliisha jana. Lakini asubuhi ulishika simu, ukabonyeza nyota na nambari fulani ili uangalie salio. Skrini ikakuletea maneno machache na chaguo: 1, 2, 3. Ukachagua 1, ikakuambia huna kitu. Ukarudi nyuma, ukachagua 3 ili ukope kredo ya shilingi ishirini, ukaambiwa bado una deni la wiki jana. Ukairudisha simu mfukoni na hasira zako. Hiyo, buda, ni hadithi kamili. Ina mhusika, ina kikwazo, ina mwisho wa kuhuzunisha, na mhusika ni wewe.

Gemu za maandishi ndizo hizo. Hakuna picha, hakuna muziki, hakuna gari la kuendesha. Unasoma mahali ulipo, unachagua utakachofanya, unasoma kilichotokea. Mimi huunda gemu za aina hiyo, fupi kabisa, za dakika tatu hivi. Na kabla sijaandika neno la kwanza, huwa najiwekea masharti: skrini ngapi, herufi ngapi, siku ngapi. Nikiwaeleza vijana wenzangu pale steji ya Voi, wananicheka. "Gemu gani haina hata picha? Na kwa nini ujifunge kamba mwenyewe?"

Swali la kamba ndilo nataka kulijibu leo.

Kwanza, hii kitu si mpya. Katikati ya miaka ya 1970 huko Marekani, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuingia mapangoni, aliandika gemu ya kutembea pangoni ambayo mabinti zake wangeweza kuicheza. Ilikuwa maandishi matupu. Mchezaji aliandika amri ya neno moja au mawili, basi. Mwaka 1977 Don Woods akaiongezea vyumba na vituko, ikasambaa kwenye kompyuta za vyuo vikuu. Gemu nyingi za safari na uchunguzi unazozijua leo zina damu ya lile pango.

Lakini hata Crowther alichelewa. Nyanya yako alishakuambia "Kitendawili!" nawe ukaitika "Tega!" Akakupa sentensi moja. Ukijibu sawa, umeshinda. Ukishindwa, anakuomba mji, unampa Mombasa nzima bila hata hati ya shamba, ndipo akupe jibu. Hiyo ni gemu ya watu wawili, yenye sentensi moja, na kanuni zake anazijua hata mtoto wa miaka mitano. Tena shuleni tulihesabu mizani kwa vidole, nane hapa, nane pale, na hakuna aliyemuuliza mshairi kwa nini anajifunga kamba. Tuliambiwa huo ndio ufundi wenyewe.

Sasa niwaambie nilivyofika hapa, maana sikuzaliwa nikipenda vitu vidogo.

Nilipokuwa chuoni nikisomea kompyuta, nilianza kuunda gemu kubwa. Nilitaka kuingiza Voi yote: stesheni ya SGR, matatu za Mwatate na Wundanyi, ndovu wa Tsavo wakivuka barabara usiku, duka la spea, kila kitu. Nilikuwa na ramani. Nilikuwa na majina ya wahusika arobaini. Kila wiki niliongeza wazo, na kila wazo lilihitaji mengine matatu. Miaka miwili ikapita na hakukuwa na hata dakika moja ambayo mtu angeweza kuicheza. Kisha karo ikakwama, nikaacha chuo. Laptopu ilikuwa ya kuazima, nikairudisha kwa mwenyewe, na ile Voi yangu ikaenda nayo. Hakuna mtu yeyote duniani aliyewahi kuiona.

Nilirudi nyumbani Salaita, kwa wasioijua ni kilomita chache kabla ya kufika Taveta ukitoka Voi. Nikakaa miezi kadhaa nikitazama mikonge na simu yangu iliyopasuka kioo. Jioni moja nikachukua daftari, nikaandika masharti juu ya ukurasa: skrini kumi, basi. Kila skrini isizidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Chaguo mbili tu kila mara. Kiswahili peke yake. Siku mbili, halafu nimuonyeshe mtu, iwe nzuri au mbaya.

Herufi 160 sikuziokota hewani. Ndicho kipimo cha ujumbe mfupi wa simu. Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa na mashine ya kupiga chapa mwaka 1985, akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake. Akaona nyingi zinatosha ndani ya 160. Zile menyu za nyota nazo hazivuki herufi 182 kwa skrini moja. Kwa hiyo hiki ni kipimo ambacho kidole cha Mkenya kinakijua tayari. Hapa watu wameachana, wamekopeshana na wametangaziana misiba ndani ya herufi 160.

Wengine hupima kwa maneno. Mwaka 2015 kulikuwa na shindano la mtandaoni lililoitwa Twiny Jam, ambapo gemu haikuruhusiwa kuvuka maneno 300. Mswahili angefaidi sana pale. "Hawakuniambia" ni neno moja kwetu, Mwingereza anatumia matano. Ukihesabu herufi lakini, ujanja huo unaisha. Neno refu linabaki refu, na unalipia kila silabi.

Gemu yenyewe ilihusu kilima ninachokiona kutoka mlangoni kwetu. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao wakiwa askari wapya kutoka Afrika Kusini, walikishambulia Kilima cha Salaita. Wajerumani walikuwa wameshikilia Taveta tangu Agosti 1914. Mizinga ya Waingereza ikapiga juu ya kilima, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, karibu na tambarare. Shambulio likavunjika, wakarudi nyuma. Mwezi uliofuata jeshi kubwa likasonga upande huu, Wajerumani wakaondoka kilimani. Hadithi hii utaisikia ikisimuliwa kwa majina ya majenerali. Wabeba mizigo hawana majina. Hao ndio Kariakoo, na jina lao limebaki kwenye mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa katika vita vile, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi.

Nikataka mchezaji awe mmoja wao. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na skrini tatu za kuelezea kilima, miiba, vumbi na historia ya reli iliyojengwa kutoka Voi kwa ajili ya vita hivyo. Maneno matamu kweli. Lakini nilikuwa nimekula skrini tatu kati ya kumi na mtu wangu hajapiga hata hatua moja. Nikafuta. Kilichobaki ni hiki:

"Februari 1916. Jua la saa sita. Mzigo kichwani ni maji ya askari. Wewe hujanywa tangu jana. Kilima cha Salaita uko mbele. 1. Endelea 2. Tua mzigo"

Ndiyo, nimeona pia. "Kilima uko mbele" ni kosa, lilikuwa "mlima" kisha nikabadilisha nusu. Jirani mmoja wa darasa la saba ndiye aliyenionyesha, sasa inasomeka "kiko mbele". Herufi 145. Kwenye ile gemu yangu kubwa, kosa kama hilo lingekaa miaka. Kwenye skrini kumi halina pa kujificha.

Sikuwa na programu yoyote. Niliwatumia marafiki skrini ya kwanza kwa WhatsApp, nikawaambia wajibu 1 au 2, na mimi mwenyewe nikawa kompyuta: akijibu 1 namtumia skrini hii, akijibu 2 namtumia ile. Baadaye nilienda saiba mjini Voi nikaiweka kwenye Twine, programu ya bure ambayo Chris Klimas aliitoa mwaka 2009. Inaunganisha kurasa bila wewe kuandika msimbo mwingi. Lakini gemu ilikuwa imekwisha kabla ya hapo. Imekwisha! Hilo neno sikuwahi kulitumia kwa kitu changu chochote.

Halafu kukatokea jambo ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya.

Nilimsomea gemu mzee mmoja jirani, ambaye babu yake alibebeshwa mizigo ya Waingereza. Macho yake hayaoni maandishi ya simu, kwa hiyo mimi nilisoma na yeye akachagua. Kwenye skrini ya kwanza akasema nambari 2, tua mzigo. Nikamsomea nilichoandika: unatua mzigo, unaingia vichakani, unarudi kwenu usiku.

Akanyamaza kidogo. "Na askari alikuwa wapi?"

"Askari gani, babu?"

"Yule wa nyuma yako, mwenye bunduki."

Sikuwa na jibu, na sikuwa na herufi za kutungia jibu. Kwenye gemu kubwa ningeongeza askari anayesinzia, ningeongeza pango, ningeongeza msichana anayekuja kukuokoa. Ningeuzungusha uongo wangu mpaka ukubalike. Herufi 160 hazikuniruhusu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuwachukua watu kwa lazima kuwa wabebaji mwaka 1915. Nambari 2 haikuwepo.

Usiku huo nikaifuta. Sasa skrini ya kwanza ina chaguo moja: "1. Endelea." Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Watu wanaocheza hunitumia ujumbe wakilalamika kwamba gemu imeharibika, wanatafuta 2 na hawaioni. Nawaambia endelea. Chaguo la kwanza la kweli liko skrini ya saba, na ni dogo sana: kuna mwenzako ameanguka, na una tone la maji. Hapo ndipo watu husimama. Dada mmoja aliniambia alikaa na simu dakika nzima.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameandaa jibu lake, kwa sababu rafiki yangu mmoja aliniambia usoni. "Wewe unasifu masharti kwa sababu huna laptopu. Umaskini umeupaka rangi ukauita sanaa."

Amenichoma, na kwa sehemu ana haki. Kuna watu wakubwa wanaopenda kutuambia vijana wa vijijini kwamba shida hutufanya wabunifu. Hapana. Shida ilinifanya niache chuo katika mwaka wa tatu. Shule isiyo na kompyuta hata moja haimfundishi mtoto ubunifu, inamnyima kompyuta. Mtu asitumie gemu yangu kama kisingizio cha kutoleta maktaba huku kwetu. Mimi laptopu naitaka, hata leo jioni.

Lakini kioo kilichopasuka sikukichagua, na zile skrini kumi nilizichagua. Kesho naweza kuamka nikasema kumi na mbili, na hakuna atakayenizuia. Nikipata laptopu bado nitaandika skrini kumi, kwa sababu zimenifaa. Karo haikuwa hivyo. Watu huniuliza, "Mbona uliamua kuacha masomo?" Wanauliza kama vile palikuwa na skrini yenye 1 na 2, nami kwa uvivu wangu nikabonyeza 2. Nimejibu swali hilo mara nyingi, vibaya. Siku hizi namtumia anayeuliza kiungo cha gemu. Akifika skrini ya tatu akitafuta nambari isiyokuwepo, tunaweza kuanza kuongea.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo. Ile gemu kubwa iliyo kichwani mwako, ya Nairobi nzima au ya Mombasa ya mwaka 2100, iweke kando wiki hii. Chukua daftari. Andika juu: skrini kumi, herufi 160, siku mbili. Chagua kitu kimoja unachokijua kuliko sisi wote: foleni ya maji mtaani kwenu, siku ya kwanza ya kibarua, usiku ambao baba hakurudi. Andika skrini ya kwanza, uweke 1 na 2 chini yake. Kisha mtafute mtu mmoja aliyekuwa pale, umsomee kwa sauti, na usikilize atakapokuuliza askari alikuwa wapi.