Posho ya getini

Na Mchokonozi

Mgeni alifika saa nne asubuhi, akaondoka saa tano kasorobo. Katikati ya hapo alisaini kitabu cha wageni, akaitisha maandalio ya somo, akapekua rejesta, akapiga picha chini ya bango la shule na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Darasani hakuingia.

Mchokonozi alishuhudia kioja hicho wiki hii katika shule moja ya msingi, akiwa njiani kwenda Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu. Jina la shule na cheo cha mgeni huyo, aliyekuja kukagua, vinabaki mfukoni. Mchokonozi alikuwa amekaa nje ya darasa la pili, mwavuli magotini. Ndani watoto walikuwa wakiimba silabi kwa pamoja, ba be bi bo bu, safi kama kwaya ya Pasaka. Mwalimu alipogeuka kuchukua chaki, mtoto mmoja alimwuliza mwenzake kwa Kisukuma ni ipi kati ya hizo iliyoandikwa ubaoni. Mwenzake naye hakujua.

Ripoti nzima ya ukaguzi ilikuwa hapo, hatua chache kutoka ofisini. Mgeni alikuwa anakunywa soda.

Halmashauri zetu zimekwisha kuamini kwamba shule husimamiwa kwa mafaili. Pikipiki zipo: mwaka 2018 Serikali iligawa 2,894 kwa maafisa elimu kata nchi nzima, ili wazifikie shule kirahisi. Wanafika, kweli. Getini.

Na Simiyu si mgeni wa kazi ya kumsaidia mwalimu darasani. Mkoa ulianzishwa 2012, na muda mfupi baadaye ukaingia kwenye EQUIP-Tanzania, mpango uliofadhiliwa na Uingereza. Walimu wa madarasa ya chini walinolewa wakiwa kazini kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na watoto ambao nyumbani hawazungumzi Kiswahili wakaandaliwa kijijini, kwa hadithi na michezo, kabla ya kuanza shule. Huku kwa Wasukuma na Wataturu hilo lilikuwa jambo la maana kuliko mabati. Mpango ulipomalizika, 2020, fadhila zikasahaulika.

Kilichokumbukwa ni kambi za kitaaluma za enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa, walimu mahiri wakawapiga msasa, matokeo yakapanda. Mchokonozi alipiga makofi, na angepiga tena. Ila kambi humpokea mtoto akiwa darasa la saba; huyu wa ba be bi ameachwa miaka mitano kabla.

Sasa ipo MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye jumuiya za kujifunza: walimu wa shule hukaa pamoja, hutazamana wakifundisha, kisha huambizana ukweli. Hakuna ghorofa linalohitajika. Kinachotakiwa ni nafasi kwenye ratiba, na mkubwa mmoja anayekubali kukaa dawati la nyuma kipindi kizima cha dakika 30, simu mfukoni. Mchokonozi alimwuliza mwalimu wa darasa la pili kama wamewahi kufanya kikao hicho. Alicheka. Siku waliyopanga, walimu waliitwa mjini, kwenye semina ya jumuiya za kujifunza.

Wakurugenzi wa Simiyu waagize hivi: fomu ya posho ya kutembelea shule isiyotaja darasa alilokaa afisa, na alichomshauri mwalimu, irudishwe bila sahihi.