SEHEMU YA 6: Wewe na shosti wako mnaenda Ukerewe? Anzeni na hili

Wamama wa Misungwi, nendeni! Mama naye anachoka, siku mbili kisiwani na shoga yako si anasa. Ila mipango mingi ninayoisikia inaanza na sare za vitenge na picha. Mimi nasema anzeni na chombo.

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli ulizeni: jaketi okozi la saizi ya mtoto lipo? La mtu mzima linamvuka mtoto akiingia majini. Na mkubaliane mkiwa bado nyumbani: mmoja akisema "chombo kimejaa, tusipande", mwenzake habishi. Mkingoja mpaka bandarini, kila mmoja atamwonea aibu mwenzake, mtapanda. Shoga wa kweli ni yule unayeweza kumwambia turudi.

Pili, maji ya ufukweni. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, hata mtoto akichezea maji ya magotini tu. Akianza kuumwa tumbo au kupata choo chenye damu, hata wiki kadhaa baadaye, mpeleke kituo cha afya na useme alichezea ziwani. Dawa ipo.

Na chandarua mbebe jamani. Begi limejaa? Punguzeni viatu.