Kila doa lina kwao

Siku ya pili ya Idi, mkaa wa pasi haujashika sawasawa, binti mmoja alisimama mbele ya banda langu hapa Ngamiani, Tanga, amekumbatia beseni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Hakujibu. Alilitua beseni chini, akaitoa kanzu nyeupe ya bosi wake, ile ya nakshi za rangi ya dhahabu shingoni, akanionyesha kifuani. Palikuwa na baka jekundu, kubwa kama kiganja.

Jana yake lilikuwa doa la njano. Mchuzi wa kuku ulimwagika mezani, wenye manjano ya kutosha kama inavyopikwa sikukuu. Usiku binti akachukua sabuni ya mche, akafikicha. Kadiri alivyofikicha ndivyo njano ilivyogeuka nyekundu, akajua ameiunguza. Asubuhi bosi alipoiona, hukumu ilikuwa fupi: tia jiki, na isipotoka nakata kwenye mshahara wako. Jiki yenyewe alikuwa nayo mle beseni, imetiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo.

"Umeshaitia?" nikamuuliza.

"Bado, baba. Naogopa."

Woga huo ndio ulioiokoa kanzu. Niliisuuza kwanza sabuni yote itoke. Kisha nikakata ndimu, nikalikamulia lile baka, na papo hapo wekundu ukarudi kuwa njano. Binti akacheka kwa mara ya kwanza, akauliza kama nimesoma dua. Hakuna dua. Manjano ikikutana na sabuni au magadi hugeuka nyekundu, ikikutana na uchachu hurudi rangi yake. Na adui yake mkubwa ni jua. Tuliianika kanzu ikiwa mbichi, doa likitazama juu. Kila ilipokauka tuliilowesha tena. Alasiri njano ilikuwa imefifia, na kesho yake mchana ilikuwa imekwisha. Gharama yake ni ndimu 1 na siku 2 za jua la Tanga ambalo halina ankara.

Nimefua nguo za watu kwa miaka 26. Kazi nilirithishwa na baba mdogo, na jina la kazi, dobi, Waswahili tulilipata kwa Wahindi. Katika miaka hiyo nimeona nguo nyingi zilizokufa, na nasema bila kusita: zilizouliwa na doa ni chache kuliko zilizouliwa na mtu aliyekuwa analitoa. Tumejizoesha kwamba doa ni doa, na dawa ya doa ni jiki. Si kweli. Kila doa lina kwao, na dawa ya kwanza ni swali: limetoka wapi?

Chukua damu. Damu inataka maji baridi, tena upesi, kwa sababu moto huigandisha kama unavyoligandisha yai. Ukiimwagia maji ya moto umeipikia ndani ya nyuzi. Loweka kwenye maji baridi, fikicha na sabuni, suuza, rudia. Ikibaki alama kwenye nguo nyeupe ya pamba, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, itatoa povu na kuimalizia. Lakini ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Chukua kutu. Watu wanaanika kwenye waya uliochakaa, au wanatundika shati kwenye msumari, kesho wanakuta mstari wa kahawia. Hapo ndipo jiki inapodhuru wazi. Kutu ni chuma kilicholiwa na hewa na unyevu, na jiki inaiendeleza kazi ileile, doa linakolea. Kutu inataka uchachu. Weka chumvi, kamulia ndimu, anika juani, suuza, rudia mpaka ikuachie.

Chukua ile njano ya kwapani kwenye mashati meupe ya ofisini. Wengi wanadhani ni uchafu wa mwenye shati. Mara nyingi ni jasho lililokutana na ile dawa ya kuzuia jasho, ambayo ndani yake mna madini ya alumini. Ukipiga jiki, njano inazidi. Mimi nalowesha kwapa kwa siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, naliacha nusu saa, nasuuza, halafu nalipiga brashi na sabuni.

Mafuta ya chapati yanataka sabuni ya kuoshea vyombo, ipakwe juu ya doa kabla nguo haijaona maji, ikae robo saa. Wino wa biro kwenye shati la shule unataka spiriti na pamba. Weka kitambaa cheupe chini yake, anzia pembeni ukielekea katikati, la sivyo utausambaza. Spiriti inashika moto, na mimi mwenye pasi ya mkaa siifungui mpaka pasi iwe upande wa pili wa banda.

Yapo pia yanayonishinda, sitaficha. Utomvu wa mgomba na maji ya mabibo yakishakauka na kuwa kahawia, namwambia mteja ukweli: nitapunguza, sitamaliza. Na doa lolote lililopigwa pasi kabla ya kutolewa limekwisha kufunga ndoa na kitambaa. Talaka yake ni ngumu.

Nisieleweke vibaya. Jiki ninayo bandani. Mashuka meupe ya pamba, taulo, nguo zilizoota kuvu wakati wa masika, hizo ni kazi zake, na inazifanya vizuri ikizimuliwa kama lebo inavyosema, nguo isikae humo kupita muda wake. Lakini hariri na sufu inazila. Nguo za kuvutika zenye nyuzi za lastiki inazifanya njano na kuzikausha mpaka zikatike. Nakshi za ile kanzu sijui zingebaki na rangi gani. Wanaosema kwamba jiki inaokoa muda, nawakubalia. Mama mwenye watoto 4 na ndoo 2 za maji hana nafasi ya kuchunguza asili ya kila doa. Lakini muda anaouokoa Jumamosi ataulipa sokoni akitafuta sare nyingine.

Sasa nieleze kwa nini nilimuuliza binti kwanza kama ameshaitia. Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa suruali nyeupe yenye kutu. Nikaitia jiki, kutu ikacheka. Nikajiambia ndimu inafanya kazi na jiki inafanya kazi, nikizichanganya zitafanya mara mbili. Nilikamulia ndimu ndani ya lile beseni, nimeinama, mlango wa banda nimeurudisha kwa sababu ya mvua. Kilichopanda kilinipiga kifuani. Macho yalitoka machozi, nikatoka nje nikipapasa, na kikohozi kikakaa nami siku 2. Suruali niliilipa.

Miaka mingi baadaye mteja wangu mmoja, mwalimu wa kemia, alinieleza nilichovuta. Maji haya ya kung'arisha nguo yanatokana na kazi ya mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet, miaka ya 1780, na yaliuzwa kwa jina la Javel, mahali palipokuwa kijiji kando ya Paris. Ndiyo maana wenzetu wa Kongo na Burundi mpaka leo wanayaita javel. Ndani yake klorini imefungwa. Ukitia kitu kichachu, ndimu, siki au dawa ya kusafishia choo, unaifungulia inatoka kama gesi. Gesi hiyohiyo jeshi la Ujerumani liliifungulia askari wa adui huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Mimi nilikuwa nimeitengeneza kwenye beseni la kufulia. Amonia nayo, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, ikikutana na jiki hutoa mvuke mwingine wa sumu.

Kwa hiyo sheria ya banda langu ni moja: jiki huchanganywa na maji baridi tu, mlango wazi. Kama umeshaitumia na haikusaidia, suuza kwa maji mengi mpaka harufu iishe ndipo ufikirie dawa nyingine. Ukisikia koo linawasha na macho yanauma, acha kila kitu, toka nje, na ukishindwa kupumua vizuri nenda hospitali.

Na ile chupa ya maji ya kunywa? Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko kanzu. Tunapimiwa jiki dukani kwa bei ya mfukoni, tunaitia kwenye chupa ya maji au ya soda, tunaiweka chini ya meza ambako mtoto anafika kabla ya mtu mzima. Mtoto hasomi lebo, na hapo hata lebo hakuna. Akishakunywa, usimtapishe. Msukutue mdomo kwa maji, umkimbize hospitali, na chupa uende nayo waone alichokunywa.

Nirudi kwa binti, maana kisa chake hakikuwa cha doa peke yake. Hakuna aliyemfundisha kutofautisha pamba na hariri, wala aliyemwambia mchuzi wa manjano haupakwi sabuni ya mche. Alikabidhiwa beseni, chupa isiyo na jina na kitisho. Wengi wa wanaonijia na nguo zilizoharibika ni kama yeye, dada wa kazi wanaokuja kwa siri kabla mama mwenye nyumba hajarudi, wengine wakinilipa kwa senti zao. Wapo waliokatwa mshahara wa mwezi mzima kwa blauzi 1 ambayo waliambiwa wenyewe waitie jiki.

Wakili mmoja ninayempigia pasi mashati alinifahamisha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya kufidia hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi anadaiwa nini na kwa nini, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Neno la asubuhi mlangoni, "nitakukata", halimo humo. Na kuhusu kosa, mimi si hakimu, ila nauliza: mwenye kosa ni aliyetia jiki au aliyemwamuru?

Ninyi mnaoajiri, mwekeeni dada wa kazi vitu vitano: sabuni ya mche, sabuni ya vyombo, ndimu, siki na chupa ndogo ya spiriti. Jiki ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, juu, mbali na watoto na mbali na siki. Keti naye nusu saa, mwonyeshe nguo ya pamba na ya hariri, mweleze ipi haiguswi na nini. Mchuzi ukimwagika, yeye ndiye mwenye kujua nini kilimwagika na saa ngapi. Muulize kwa upole atakwambia. Ukimkaripia ataficha, na doa lililofichwa siku 3 hata mimi silitoi.

Ile kanzu ilirudi kwao nyeupe. Nilimtoza binti shilingi 1,000 za pasi, ndimu nikamsamehe. Chupa ya jiki hakurudi nayo. Niliimwaga kwa maji mengi, nikaitoboa chupa kwa msumari ili asije mtu akaiokota akaitia maji ya kunywa.