Kitabu changu, ufunguo wao?

Wadau, jana hapa hosteli jamaa kaniambia eti kampuni ikishajenga mtandao wake iachiwe ifanye itakavyo humo, maana "duka ni lake". Nilimbishia, na leo nabisha tena.

Kumbukeni Julai 2009. Amazon iligundua kuwa muuzaji mmoja aliweka vitabu vya George Orwell kwenye duka lake bila kuwa na haki ya kuviuza Marekani. Ikafanyaje? Ikaingia kwenye Kindle za wateja, ikavifuta kimyakimya na kuwarudishia hela. Kimojawapo ndicho hiki tunachokijua kama Shamba la Wanyama! Mwanafunzi mmoja wa sekondari kule Michigan alibaki na maelezo aliyoandika kwa ajili ya masomo, kitabu chenyewe hakipo. Jeff Bezos aliomba radhi, akakiri ulikuwa ujinga.

Mtasema muuzaji ndiye mkosaji. Sawa, mbaneni muuzaji! Mwenye duka apange rafu zake, afukuze matapeli, sina neno. Ila aliyeniuzia kitabu Kariakoo hana ruhusa ya kuvunja chumba changu usiku akichukue, hata kama kaacha hela mezani.

Na msidhani yameisha. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamishia Kindle kwa waya. Sisi walimu watarajiwa tutaandaaje somo kwa kitabu kinachoweza kuyeyuka? Sheria iseme wazi: ukishauza, umeuza.

Nawasilisha.