Je, Wapenzi wa Kompyuta za Nyumbani Watakufa Pamoja na Mashine Zao?



Katika tafakari ya juma hili twataka kujibu kauli tunayoisikia mara kwa mara, ikisemwa kwa uhakika kana kwamba ni kanuni ya imani. Husemwa kwamba wapenzi wa kompyuta za nyumbani, wale waliozifungua, wakazitengeneza na kuziandikia programu kwa mapenzi tu wala si kwa mshahara, wamekwisha kuzeeka. Kwamba kijana wa leo ana simu, naye hahitaji zaidi. Na kwamba jamii yao haina budi kufa pamoja na mashine zao. Sisi twakataa. Jumuiya haiuawi na uzee. Huuawa na kukosa wanafunzi, na mara nyingi kukosa wanafunzi ni jambo ambalo watu wamelichagua wenyewe.

Tuanze na ushahidi. Tarehe 5 Machi 1975, vijana wachache walikutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, wakaanzisha klabu iliyoitwa Homebrew Computer Club. Humo ndimo Steve Wozniak alimoonyesha kompyuta ya kwanza ya Apple. Klabu ile ilifungwa mwaka 1986, ilhali wanachama wake wengi walikuwa bado na nguvu zao. Sasa tazameni upande wa pili. Kompyuta ya Commodore 64 ilitoka mwaka 1982, na kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1994. Hata hivyo wapenzi wake hawakutawanyika. Hadi leo wanaiandikia michezo mipya na kuitengenezea vipuri, na mwaka 2025 jina lenyewe la Commodore lilinunuliwa na kundi lililoongozwa na mmoja wa wapenzi hao, Christian Simpson. Vijana walifunga, wazee wakaendelea. Basi umri si hoja.

Kwetu historia ni nyingine, na yafaa kuijua kabla ya kutoa hukumu. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu kabla ya gereji ile ya Menlo Park, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Nchi ilihitaji kulinda fedha za kigeni. Hatusimami hapa kuilaumu hatua hiyo. Twasema tu matokeo yake. Mtoto wa Uingereza aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1982 aliweza kukaa sebuleni kwao akaiamuru mashine ifanye hesabu. Mtoto wa Chimala, wa Igurusi au wa Rujewa hakuweza. Masharti yalipolegezwa, wapenzi wetu walianza na mabaki: kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, zilizofika zikiwa zimechoka. Walitoa kumbukumbu katika mashine moja iliyokufa na kifaa cha umeme katika nyingine, wakapata ya tatu iliyo hai. Tena wapo wenzao waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ili mashine iseme nasi kwa lugha yetu. Vijana wa siku zile ndio hawa ambao leo wana mvi.

Wasemao kwamba simu yatosha, twawajibu kwa mfano wa nyumbani. Sisi tu watu wa bonde la mpunga. Si kila alaye wali lazima ajue kulima. Lakini bonde lisilobakiwa na mkulima hata mmoja litakula wali wa kununua siku zote, kwa bei ya muuzaji. Simu ni chombo chema. Twatuma nayo fedha na kusoma humo masomo ya Misa. Ila imefungwa. Haimwaliki kijana kuuliza ndani mna nini. Kompyuta ya zamani yenye skrubu nne humwalika.

Lakini haki haina upendeleo, na neno letu lililo kali zaidi twawaelekezea wapenzi wenyewe. Ndugu zetu, mnalalamika kwamba vijana hawana subira. Je, mmewahi kumkabidhi mmoja bisibisi? Wapo mafundi wanaomgeuzia mwanafunzi mgongo asije akauona ujuzi, na wapo wanaomcheka kijana asiyejua majina ya mashine za enzi zao. Jumuiya ya namna hiyo imekwisha kufa, hata kama wanachama wake bado wanakutana na kusimuliana. Huko Cambridge, Eben Upton na wenzake walipoona kwamba waombaji wa masomo ya kompyuta wanapungua na wanakuja na ujuzi mdogo, hawakukaa kulalamika. Walitengeneza Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, ili mtoto aweze kuichezea bila hofu ya kuharibu mali ya baba. Wapenzi wa mashine za kale waliitoa hazina yao ikawa kitu kipya, kama yule mwenye nyumba wa Injili (Mt 13:52).

Wala msidhani kwamba hili ni jambo la burudani tu. Daftari la ubatizo la miaka themanini iliyopita husomeka kwa macho. Waraka uliohifadhiwa katika flopi miaka ishirini na mitano iliyopita hausomeki, isipokuwa yupo mtu mwenye mashine ya kale na ujuzi wake. Mtu huyo akifa bila mrithi, sehemu ya kumbukumbu yetu inazikwa naye. Kadhalika, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima zikahesabiwa kuwa takataka. Nani atakayezifufua kwa kuziwekea Linux, zikafae shuleni? Ni hao hao tunaoambiwa kwamba wakati wao umepita.

Eliya alimkuta Elisha akilima kwa ng'ombe, akamtupia vazi lake (1 Fal 19:19). Hakungoja Elisha aje kubisha hodi. Na Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa na Baba Mtakatifu Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alijifunza kuandika programu akingali mtoto, akautumia ujuzi huo kueneza habari za miujiza ya Ekaristi, naye akafariki akiwa na miaka 15 tu. Hatujui ni Carlo gani ameketi katika madawati ya kanisa letu, akisubiri mashine ya kuigusa.

Basi, mwenye kompyuta iliyolala kabatini asiizike kama yule mtumwa alivyoizika talanta. Aitoe, amwite kijana mmoja wa jumuiya yake, amwachie aifungue, na amvumilie akiiharibu. Fundi aliyefundisha mmoja amekwisha kuijibu kauli ile tuliyoanza nayo. Asiyefundisha hata mmoja asiusingizie uzee.

Tunawatakia Dominika njema, na Mungu awabariki.

Paroko wenu