KITI CHA MKONO WA KUUME

Wengi wenu mmeniona mjini na motokari mpya. Mpya ni kwangu mimi. Wajapani waliichoka zamani. Ni RAV4, jeep ndogo. Ilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikafika Kigoma, ikavuka ziwa mpaka bandari yetu hapa Kalemie. Ilipoteremka, watu waliitazama kama wanahesabu sadaka ya kanisa. Hayo tutaongea siku ingine.

Shida yangu ni volani. Iko kuume. Japani na Tanzania watu wanapita kushoto mwa barabara. Sisi Kongo tunapita kuume. Juma la kwanza nilikuwa nafungua mlango wa kushoto, naketi, natafuta volani. Nikitaka kuonyesha kwamba nakata kona, fimbo za kufuta mvua zinaanza kucheza juu ya kioo kikavu, sababu hata vile vijiti viwili vimebadilishana mkono. Vijana wa kwaya wakapiga kelele: "Pasta, mvua iko wapi?" Na redio yake haipandi juu ya 90, basi stesheni nyingi za kwetu haizikamati.

Hayo ni ya kucheka. Kupita kamyo si ya kucheka. Aliyeketi kuume haoni mbele ya kamyo; lazima atoe motokari karibu yote kwenye njia ya wenzake kabla hajaona kitu. Anayeona ni yule wa kushoto. Kwangu ni bibi yangu, ambaye hajashika volani hata siku moja.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Nyunzu. Mbele kamyo ya madini, vumbi jingi, na hapa Kalemie mazishi yanatungoja. Nikamwuliza: "Kuko kitu?" Akasema: "Ngoja, baba." Nikafikiri, huo ni woga wake tu. Nikatoka. Pikipiki ilikuwa inakuja, watu watatu juu yake, mmoja mtoto mdogo. Ikaingia majani. Hawakuumia, Bwana asifiwe. Nilishuka nikawaomba msamaha, mikono ikitetemeka. Bibi yangu hakusema neno mpaka tukafika.

Mnamkumbuka Balaamu, Hesabu sura ya 22: aliyeona hatari njiani si yule mwenye fimbo. (Mama asinikasirikie kwa mfano huu.) Nimehubiri habari ile mara nyingi, nikiwafikiria wengine.

Sasa naacha nafasi kubwa nyuma ya kamyo, maana ukiwa mbali unaona zaidi. Taa za mbele fundi ameziinamisha. Za Japani zinaangaza zaidi kushoto, na kwetu huko ndiko kuna macho ya wanaokuja. Nikiwa peke yangu sipiti kamyo, nakula vumbi. Tukiwa wawili nauliza, anajibu "ngoja" ao "pita".

Jumamosi moja alisema "ngoja" karibu njia yote. Tulipofika, pasta mwingine alikuwa amekwisha kufunga ile ndoa, na watu wanakula.